Katuni yangu ina trafiki mla rushwa. Je, nitafungwa? Na mbona hatishi?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Tandika. Mchana naendesha bodaboda, usiku nachora. Nimeanza katuni ndefu ya shujaa wa Dar, dereva wa boda ambaye usiku anavaa helmeti nyeusi na kuwachapa trafiki wala rushwa. Adui mkubwa ni afande mmoja niliyemchora kama yule aliyenikamata mimi mwenyewe. Nimeweka jina lake, namba yake na kituo chake, kwa sababu pikipiki ilikaa pale mpaka nilipotoa hela. Nina kurasa 18. Marafiki wanasema Wamarekani kwenye Batman wamechora polisi wabovu tangu mwanzo na hakuna aliyewagusa, ila mimi hapa nitafungwa. Kaka yangu ni konstebo. Aliona kurasa tatu akasema nimelitukana jeshi zima, na tangu siku hiyo hatuongei. Kibaya zaidi, waliosoma wanasema afande wangu hatishi, wanacheka tu. Niache? Nibadilishe? Wenzetu wanafanyaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona ina hofu mbili na kero moja. Hofu ya kwanza ni sheria, ya pili ni kaka yako. Kero ni kwamba mtu aliyekuumiza kweli ukimweka kwenye karatasi hamuumizi yeyote. Nitaanza na hiyo kero, kwa sababu ukishajua kwa nini afande wako hatishi, hofu zako nazo zitapungua. Suala la pikipiki kushikiliwa naliweka kando kwanza. Hilo si la katuni, na lina njia yake.

Kabla ya yote, marafiki zako wamekosea kuhusu Wamarekani. Kamishna Gordon, mkuu wa polisi katika hadithi za Batman, alizaliwa katika hadithi ileile iliyomleta Batman mwaka 1939, lakini baadaye ilikuja miaka mingi ambayo wachoraji hawakuruhusiwa kumzungushia polisi wachafu. Mwaka 1954, baada ya malalamiko kwamba katuni zinaharibu watoto kufika hadi Baraza la Seneti, wachapishaji wa Marekani walijitungia kanuni wenyewe kabla serikali haijawatungia. Kanuni mojawapo ilikataza kuwachora polisi, majaji na viongozi wa serikali kwa namna ya kuivunjia heshima mamlaka. Kitabu kisicho na mhuri wa kanuni hizo wasambazaji wengi hawakukipokea. Mwaka 1971 kamba ililegezwa kidogo: afisa fisadi akaruhusiwa, mradi ionekane ni mmoja tu aliyepotoka na mwisho alipe mbele ya sheria. Wachapishaji wakubwa wa mwisho waliuacha mhuri ule mwaka 2011. Kwa hiyo unachokisoma leo ni matunda ya mvutano mrefu, na waliovutana ni watu waliokuwa na hofu kama yako.

Sasa tazama kilichokuwa kikitokea nje ya katuni. Mwaka huohuo wa 1971, askari wa New York aitwaye Frank Serpico alisimama hadharani mbele ya Tume ya Knapp, iliyokuwa ikichunguza rushwa ndani ya polisi wa jiji hilo, akaeleza jinsi wenzake walivyokuwa wakipokea hela. Mapema mwaka huo alikuwa amepigwa risasi usoni akiwa kazini. Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1972, na kama utasoma kitu kimoja tu kuhusu polisi wala rushwa, tafuta muhtasari wa ripoti ile. Iliwagawa askari mafungu mawili. Wapo waliowaita wala nyama, ambao wanawinda hela kwa nguvu zao zote. Na wapo wala majani, ambao hawawindi, ila kinachoangukia miguuni pao hawakikatai. Tume ikasema tatizo kubwa ni hawa wa pili, kwa sababu ni wengi na wanaifanya rushwa ionekane ni kawaida.

Ripoti ileile ilieleza jinsi hela za wachezesha kamari zilivyokuwa zikikusanywa kila mwezi na kugawanywa. Mkubwa akiwemo kwenye mgawo, alipata fungu moja na nusu. Askari aliyehamishiwa kitengo hakupewa kitu kwa takriban miezi miwili, wenzake wakimpima kama anaaminika. Na siku akihama analipwa ile miezi miwili aliyokosa, kama kiinua mgongo. Hebu litafakari hilo kama mtunzi. Genge la wahalifu lenye utaratibu wa ajira!

Wala usidhani ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1996 Tume ya Warioba iliyochunguza kero ya rushwa hapa kwetu ilifikia mgawanyo unaofanana na ule: wapo watumishi wa chini wanaopokea kwa sababu mshahara hautoshi, na wapo wakubwa wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia. Nchi mbili zilizo mbali namna hii, miongo miwili katikati, na bado sura ya jambo ni ileile.

Rudi kwenye kurasa zako ulizonitumia. Afande wako ana kitambi kinachopasua vifungo, meno ya dhahabu, na anacheka "Ha! Ha! Ha!" karibu kila ukurasa. Anasimama peke yake barabarani, anachukua hela peke yake, anakula peke yake. Hana mkubwa, hana mwenzake, hana nyumbani. Ndiyo maana wasomaji wanacheka. Sisi tuliolelewa na katuni za gazeti la Sani, na kina Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa, tukiona tumbo kubwa na meno yanayong'aa tunajua tumeitwa tucheke. Ni utamaduni wetu na ninaupenda, ila wewe unataka kutisha, na kinachotisha ni kujua kwamba hata afande huyu akiondolewa leo, kesho asubuhi atasimama mwingine palepale na hela itaendelea kupanda njia ileile.

Kwa hiyo acha kuchora mtu mbaya, chora safari ya hela. Kila noti inayotoka mfukoni kwa dereva, ijue inaenda wapi, nani anaibeba, inagawanywa saa ngapi, nani anaisubiri. Si lazima uyaoneshe yote. Lakini wewe mtunzi ukiyajua, msomaji atayahisi.

Mfano mzuri ni hadithi ya mwaka 1987 iliyoandikwa na Frank Miller na kuchorwa na David Mazzucchelli, inayosimulia mwaka wa kwanza wa Batman. Jina lake ni la Batman, lakini kwa maoni yangu mwenye hadithi ni Gordon. Anafika Gotham, mji wa kubuni wa Batman, akiwa luteni mgeni, bado hajawa kamishna, mke wake mjamzito, na anapewa mwenzake wa kazi aitwaye Flass. Flass hana sura ya jini. Ni mtu mkubwa, mchangamfu, anayejua kila mtu mjini. Gordon anapokataa hela, Flass na wenzake wanamvizia wakiwa wameficha nyuso na kumpiga kwa virungu. Juu ya Flass yupo Kamishna Loeb, na Loeb anakaa meza moja ya chakula na mkuu wa wahalifu, Carmine Falcone. Ngazi tatu hizo, na hela inapita kotekote. Huna haja ya kuambiwa kwa maneno kwamba mji umeoza, kwani umeshauona ukila pamoja.

Na kuna jambo moja pale ambalo watunzi wengi chipukizi hawalioni. Gordon ni msafi wa hela, lakini si msafi wa kila kitu. Anamsaliti mkewe kwa uhusiano wa kimapenzi na mwenzake wa kazini, na Loeb akilijua hilo analitumia kumfunga mdomo. Gordon anaamua kumweleza mke wake mwenyewe, ili yule mkubwa asiwe na kamba ya kumfungia. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi. Anayekataa rushwa halindwi na wema wake. Wanamtafutia mlango mwingine mpaka waupate.

Sasa tushuke mpaka kwenye fremu, maana wewe ni mchoraji. Ukurasa wako wa nne una fremu moja kubwa: afande ameshika noti juu kama bendera. Ifute. Weka fremu mbili ndogo zinazolingana. Ya kwanza, mkono wa dereva wa daladala umetoka dirishani na leseni, na kwenye leseni inachungulia kona ya noti. Ya pili, leseni ileile inarudi dirishani, kona haipo. Uso wa afande usiuoneshe kabisa. Kati ya fremu hizo kuna nafasi nyeupe, na ndani ya nafasi hiyo msomaji mwenyewe ndiye aliyeichukua ile noti. Katuni inaweza kufanya hivyo kuliko sanaa nyingine yoyote, na rushwa ni jambo linaloishi katika nafasi kama hizo.

Kisha maneno. Afande wako anasema, "Nipe hela yote, mjinga wewe!" Wewe uko barabarani kila siku, unajua hakuna anayesema hivyo. Anauliza kwa upole, "Sasa tunamalizaje?" Mwache dereva wako ajibu, "Afande, hata hesabu ya bosi sijafikisha." Na afande, akiangalia barabara, amjibu, "Na mimi nina hesabu." Kiputo kimoja cha mazungumzo, maneno manne. Msomaji wa Dar ataganda hapo, kwa sababu ghafla amewaona watu wawili wenye mabosi wawili, na mmoja wao tu ndiye aliyevaa sare.

Tumia pia hesabu za kweli. Tangu bajeti ya 2021/22, faini ya kosa la pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Faini ikiwa ndogo, anayetaka rushwa hawezi tena kukutisha kwa faini yenyewe. Atakutisha kwa muda: atauchomoa ufunguo, atasema pikipiki inakwenda kituoni, na kila saa inayopita wewe huingizi kitu. Umelipitia hilo mwenyewe. Katika kurasa 18 hujalichora hata mara moja. Lichore.

Kuhusu shujaa wako nitasema wazi kwamba ananitia wasiwasi kuliko afande. Anavaa helmeti, anavizia, anachapa mtu bila kumsikiliza, anaondoka. Huko Marekani yupo mhusika aitwaye Punisher, aliyeingia kwenye katuni mwaka 1974, mlipiza kisasi anayeua wahalifu. Baadhi ya polisi wa kweli walianza kubandika alama yake ya fuvu kwenye magari yao. Mwaka 2019 ikatoka hadithi ambamo yeye mwenyewe anakutana na askari wanaomshabikia, anaichana ile alama na kuwaonya. Watunzi wake waliona mhusika wao amechukuliwa na watu waliopenda kipigo na kuisahau haki. Na sisi hapa hatuhitaji Punisher ili kuelewa. Tunasoma kila mara kwamba fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na baadaye inabainika hakuwa mwizi. Shujaa wako akipiga kwanza na kuuliza baadaye, msomaji wa Manzese au Mbagala aliyewahi kuona tairi linawaka barabarani atamkumbuka mtu mwingine kabisa, na hatakuwa shujaa. Mpe kazi ya kukusanya ushahidi. Mfanye afuate ile hela. Inachosha zaidi kuchora, lakini inavuta zaidi kusoma.

Haya, sheria. Sitakwambia usiogope, na sitakwambia utafungwa. Kuchora askari wa kubuni anayekula rushwa ni jambo moja. Kuchora mtu aliye hai, kwa jina lake, namba yake na kituo chake, ukamhusisha na kosa la jinai ambalo hujalithibitisha mahakamani, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ndilo ulilolifanya. Anaweza kukushtaki kwa kashfa. Ukiweka mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha kwa nia ya kukashifu au kudanganya umma, na kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambazo zimefanyiwa marekebisho tangu hapo. Wengi wanadhani kuandika "hadithi hii ni ya kubuni" ukurasa wa kwanza kunamaliza kila kitu. Sentensi hiyo inasaidia, lakini haiwezi kumficha mtu ambaye mtaa mzima umemtambua kwa sura.

Kwa hiyo toa jina, namba na kituo, na ubadilishe sura mpaka wewe mwenyewe usimwone tena yule mtu. Buni kituo, buni mtaa wa kukiweka. Miller hakuiandika New York, aliiandika Gotham, na kila mtu alielewa. Utaona pia kwamba ukiachana na sura ya yule aliyekuumiza, mkono unakuwa huru. Sehemu ya sababu ya afande wako kuwa kikaragosi ni kwamba ulikuwa unamlipizia kisasi, na kisasi kina haraka.

Kisha, kabla ya kuchapisha au kuweka mtandaoni, peleka kurasa zote kwa wakili, ana kwa ana. Usitegemee ushauri wangu wala wa rafiki kwenye kundi la simu, maana wakili ataona fremu ambayo mimi na wewe hatuioni. Kama hela ya wakili huna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa msaada kwa wasio na uwezo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hapa Dar husikiliza watu bila malipo. Nenda na kurasa zilizochapwa, usioneshe kwenye simu. Na ukifika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi yako, usajili mswada uliokamilika, siyo huu.

Sasa ile pikipiki. Umeandika kwa mstari mmoja, kana kwamba ni maelezo ya mhusika tu, lakini hilo limetokea kwako. Uliombwa hela ili mali yako iachiwe, nawe ukatoa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa anayepokea na inamgusa anayetoa, kwa hiyo usikurupuke kuandika kisa chako mtandaoni ukitaja kiasi na tarehe. Zungumza na wakili yuleyule kwanza, mweleze kwamba ulitoa kwa kubanwa, kisha akusaidie kulipeleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Namba yao ya bure ni 113, na ofisi zipo. Kama unataka yule mtu awajibike, njia ni hiyo. Katuni haitamwajibisha. Na ukivichanganya viwili hivi, yeye ndiye atakayekuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa.

Nimebakiza kaka yako, na kwake yeye ningependa uende taratibu. Anaposema umelitukana jeshi zima, usimjibu haraka kwamba hajui sanaa. Katika kurasa 18 kuna askari sita, na wote sita ni wezi. Msomaji yeyote atahesabu. Lakini dawa si kubandika askari mmoja mwema anayetabasamu pembeni ili kuweka mizani. Huyo naye ataonekana ni wa bandia, na kaka yako atajua umemweka kwa ajili yake.

Dawa ni kumpa askari safi gharama ya usafi wake. Kumbuka ile miezi miwili ya kupimwa. Tengeneza konstebo mpya, katoka mafunzoni Moshi juzi, viatu bado vipya. Wiki za mwanzo hakuna anayemwambia lolote. Wanamwangalia tu. Siku moja mwenzake anamnunulia chakula, siku nyingine anamwekea bahasha kwenye kofia bila neno. Akiirudisha, zamu zake zinabadilika, anapangwa usiku, anapangwa mbali, hakuna anayemsalimia mezani. Akiichukua, wanaanza kumwita kwa jina lake la utani. Ukimchora huyo vizuri, msomaji hatajua mapema ataangukia upande gani, na hapo ndipo utakuwa umepata kitu cha kutisha kweli. Waingereza wana mhusika wao, Judge Dredd, tangu 1977, na miongoni mwa hadithi zake za mwanzo kabisa ni ile ya ndugu yake Rico, waliyefundishwa kazi pamoja, aliyegeuka mla rushwa. Dredd mwenyewe ndiye aliyemkamata. Hadithi za polisi zinauma zaidi zinapoingia ndani ya familia, na wewe familia hiyo unayo.

Kwa hiyo mtafute kaka yako, umwambie jina na namba umeshavitoa. Usimwombe ruhusa ya kuchora, wala usimwombe siri za kazini kwake, maana utamweka pabaya. Muulize mambo ya kawaida ambayo wewe huyajui: sare inakwaruza wapi wakati wa jua, mtu anakula nini akiwa zamu ya usiku, konstebo anamwitaje sajenti wakiwa wawili tu. Chora kurasa za yule konstebo mpya kwa penseli, umpelekee kabla hujazipitishia wino. Akikwambia "hapa si hivi", kaa naye chini mkasahihishe. Na akikataa kabisa kuziona, ziache kwake usiku mmoja, uzifuate kesho yake.